Hela za wafadhili, mawakili wa makaa ya mawe, na punda wa Amu

Kila nikiandika kitu kuhusu umeme au taka hapa Amu, yaani mji wa Lamu, lazima atokee mtu wa kunipa somo la wafadhili. Kuna wale wa "bila wazungu tungekuwa tunakohoa moshi mpaka kiyama" na kuna wale wa "hela ya nje yote ni mtego, hawa wanataka bahari yetu na ardhi yetu". Mabaraza yetu mnayajua, ukishakaa na kahawa yako huondoki bila kulazimishwa kuchagua upande. Na tangu Marekani ilipolifunga rasmi shirika lake la misaada, USAID, Julai 2025, maneno yamezidi, huyu analia na yule anashangilia, na wote wawili hawajaangalia kilichokuwa kinakuja kilikuwa kitu gani hasa.

Niseme mapema ili asiyetaka kusoma yote asijisumbue. Kwa maoni yangu msaada wa maana kuliko yote uliofika Lamu kwa mambo ya hewa chafu na nishati haukuwa paneli wala betri wala jiko. Walikuwa mawakili. Najua inaudhi kumsifu wakili, lakini nisikilizeni.

Wengine mlikuwa wadogo kwa hiyo nianze na makaa ya mawe. Mpango ulikuwa kujenga mtambo wa umeme wa megawati 1,050 pale Kwasasi, upande wa bara, kama kilomita 20 hivi kaskazini ya mji. Kampuni ilijiita Amu Power, gharama ilitajwa kuwa dola bilioni 2, na mkopo mkubwa ulikuwa utoke benki ya Kichina, ICBC. Makaa yaletwe na meli kutoka Afrika Kusini, mpaka hapo yale ya Kitui yatakapochimbwa. Bomba la moshi mita 210 kwenda juu, jirani ya mji ambao UNESCO iliuandika urithi wa dunia mwaka 2001, mji ambao bado mizigo yake inabebwa na punda. Na sikilizeni hapa, hii nayo ilikuja kwa jina la maendeleo na ushirikiano. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikuwa tayari kuweka dhamana. Kampuni ya Marekani, GE, ikaingia 2018 ikasema ina teknolojia ya kuchoma makaa kwa usafi zaidi na inataka kununua hisa. Balozi wa Marekani wa wakati ule, Kyle McCarter, akaingia Twitter 2019 kuyatetea makaa, na huku nchi yake hiyohiyo ilikuwa na mpango wa Power Africa tangu 2013, wa kuleta umeme Afrika, ukisaidia sola na upepo. Mkono mmoja unakupa dawa, mwingine unakupa sigara, na mikono yote miwili inataka upige picha nayo.

NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ikatoa leseni 2016. Watu wa hapa, kupitia muungano wa wenyeji, Save Lamu, na wengine, wakaenda kwa mahakama ya rufaa za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sasa hapo katikati ndo kuna jambo langu. Kesi kama ile haiendeshwi na dua peke yake. Ripoti ya athari za mazingira ni mirundo ya kurasa, imejaa mambo ya salfa na zebaki na majivu na joto la maji yanayorudishwa baharini, nani kwetu aisome akaijibu? Mashirika ya kutetea haki, Katiba Institute na Natural Justice, waliingia na mawakili. Wataalamu wa nje wakasoma mahesabu, wale wa IEEFA, taasisi ya uchumi wa nishati kule Marekani, wakatoa uchambuzi mwaka huo wa 2019 kuonyesha umeme wenyewe utakuwa ghali na Kenya itakuwa inalipa hata ule ambao haujatumika, kwa miaka 25. Na kumbuka wakati ule nchi nzima, ile saa ya jioni kila mtu amewasha taa na tivii, haikuwa inafika megawati 2,000. Ukiongeza 1,050 za makaa unampelekea nani?

Baada ya hapo mambo yakaanza kuporomoka moja baada ya jingine. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajitoa Novemba 2019. GE ikatangaza 2020 kwamba inaacha biashara ya kujenga mitambo mipya ya makaa. ICBC ikajitoa Novemba 2020. Septemba 2021 Xi Jinping akasema pale Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi yake. Na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Malindi, ikaitupa rufaa ya kampuni. Basi.

Waliokuwa wanautaka mtambo walipenda sana kusema "nyinyi mnalipwa na wazungu". Haya, msaada ulikuwepo, sasa? Yule wa makaa alikuwa na bilioni za Wachina, hakuna aliyemwambia analipwa. Mzee akisaidiwa wakili ndo anaitwa kibaraka. Mimi hesabu yangu ni rahisi tu, weka pembeni gharama ya wakili, nauli na kupiga kopi pepa, weka pembeni ya pili dola bilioni 2 na moshi wa miaka 25, uniambie ni mradi gani wa nishati safi pwani hii uliozuia uchafu mwingi zaidi kwa hela ndogo zaidi. Hakuna. Lakini mradi wa aina hiyo hauna utepe wa kukata, hauna stika ya bendera, waziri wa nje hawezi kuja kusimama mbele yake, kwa hiyo ukiomba hela yake utaambiwa "hiyo ni siasa".

Sasa njooni kisiwa cha Pate. Kijiji sikitaji na mfadhili simtaji, aliyekosa si mmoja. Kuna kisima, kuna pampu ya sola, paneli zimepangwa vizuri kwenye vyuma, tangi jeusi la lita elfu kumi limekaa juu ya mnara, chini yake kibanda cha mabati na kufuli. Mlangoni kuna stika ya bendera mbili imeliwa na jua na chumvi hadi hujui ni bendera za nani. Ukifunguliwa ndani inverta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa paneli uweze kuendesha pampu, iko hai, ile taa yake ndogo nyekundu inawaka na kioo kinaandika herufi moja na namba mbili, ndo kusema nimeharibika kwa lugha yake. Mbuzi wamelala chini ya paneli wanacheua, kivuli kizuri mashallah. Nikamwamkia bibi mmoja aliyekuwa anapita na mtungi mtupu, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, nikamuuliza hii imeanza lini kutofanya kazi, akaniangalia vile wanavyotuangalia watu wa mjini, akasema, "Mwanangu, jua lipo, kisima kipo, mai ndo hayapandi." Akaenda zake jabiani. Jabia, kwa nyinyi wa bara, ni birika kubwa la kuvuna maji ya mvua, wazee walizijenga kabla ya mfadhili yeyote na mpaka leo hazijawahi kuandika herufi na namba mbili.

Kamati ya maji ipo, msidhani watu wamekaa tu. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, wote walipelekwa semina Mombasa mradi ulipoanza, wakapewa posho na cheti, cheti kimoja nimekiona kimetundikwa sebuleni karibu na picha ya Makka. Walikuwa wanatoza hela kidogo kwa kila mtungi. Ikatosha mlinzi, ikatosha koki mpya, lakini hii kadi ya ndani ya inverta, fundi anatoka Mombasa, anataka nauli ya basi mpaka Mokowe, boti mpaka Pate, kulala, kula, na kadi yenyewe Mombasa hakuna, inaagizwa Nairobi, na Nairobi wanasema subiri inatoka nje. Ukijumlisha utatoza mitungi mpaka mtoto wa leo amalize sekondari. Ile namba ya simu kwenye stika haipatikani, ofisi ya mradi ilifungwa mradi ulipoisha, na mradi uliisha kwa sababu karatasi ilisema tarehe fulani unaisha, pampu haikuulizwa. Sitashangaa kama kuna ripoti mahali kijiji kile kimehesabiwa kwamba kina maji kwa nishati safi.

Si kwamba kila kitu ni hivo. Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 150 mwaka 2017 kwa mradi wa KOSAP, wa kupeleka sola kwa kaunti 14 ambazo gridi haijazitendea haki, Lamu imo, Kilifi imo, Tana River imo, na kuna minigridi (gridi ndogo za kijiji), sola za nyumbani, majiko, mpaka pampu za visima. Angalau wale waliandika tangu mwanzo kwamba anayejenga minigridi aitunze kwa miaka baada ya kuijenga. Hilo ni sharti zuri, wangeanza nalo zamani. Ila tukiwa hapo tuitane kwa majina yetu, ile ni hela ya mkopo. Mkopo nafuu, riba ndogo, miaka mingi, lakini mkopo, mjukuu wako ataulipa.

Na huko duniani ni vilevile. Mwaka 2009 kwenye mkutano wa tabianchi kule Copenhagen nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020 kwa nchi maskini, kupunguza hewa chafu na kujikinga na mabadiliko ya tabianchi. Walifikisha 2022, wamechelewa miaka miwili, na kwa hesabu ya OECD, jumuiya ya nchi tajiri, zilipita bilioni 115 mwaka huo. Makofi. Alafu ukisoma ndani, zile hela za serikali na mabenki ya umma zaidi ya thuluthi mbili ni mikopo. Yaani jirani amechoma taka upepo umepeleka moshi kwako, unakohoa, anakuja na pole anakukopesha hela ya dawa. Afrika Kusini waliahidiwa dola bilioni 8.5 mwaka 2021 ili waachane na makaa, nyingi yake mikopo pia, na 2025 Marekani ikajitoa kwenye mpango huo. Kwenye mkutano wa Baku 2024 wakaandika ahadi mpya, bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Sina haraka ya kushangilia.

Kuna watu wataniambia, mbona Kenya umeme wake karibu wote ni safi na hela zilitoka nje? Kweli kabisa, takriban asilimia 90 ya umeme tunaozalisha ni wa mvuke, maji, upepo na jua, na Olkaria, kule Bonde la Ufa kunakozalishwa umeme wa mvuke wa ardhini, ilianza 1981 kwa mikopo ya Benki ya Dunia, baadaye wakaja Wajapani na Wajerumani na Wazungu wengine. Lakini angalieni kilichoifanya Olkaria isife. Iceland kuna chuo cha mafunzo ya jotoardhi kilichoanza miaka ya sabini chini ya Umoja wa Mataifa, na Kenya ni katika nchi zilizopeleka watu wengi mno pale, wahandisi wakarudi, wakafundisha wenzao, na leo KenGen, kampuni ya serikali ya kuzalisha umeme, ndo inaenda kuchimba visima vya mvuke Ethiopia na Djibouti kwa malipo. Hela ya chuo kile ukilinganisha na hela ya mitambo ni kidogo sana. Wakati sie huku Pate cheti cha semina kinaning'inia ukutani na hakuna aliyefundishwa kufungua inverta.

Upepo wa Turkana nao nautaja upesi, megawati 310, mitambo 365, hela kutoka Ulaya kwa wingi. Mitambo ilikuwa tayari 2017 ikakaa kutazamana na mbingu kwa zaidi ya mwaka kwa sababu laini ya kilomita 428 ya kutoa umeme mpaka Suswa haikuwa imekwisha, na sie walipa kodi tukatozwa fidia ya mabilioni kwa umeme ambao haujafika. Alafu 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ile ardhi zilitolewa kinyume na utaratibu. Nishati safi, sawa, lakini ardhi ya watu ni ardhi ya watu, iwe utaweka makaa au utaweka feni.

Karibu na kwetu kuna Langobaya, Malindi, ile sola ya megawati 52 iliyoanza kuuza umeme mwisho wa 2021. Watu wengi wanadhani ni msaada. Si msaada, ni biashara, kampuni inaitwa Globeleq na wenyewe ni mashirika ya uwekezaji ya serikali ya Uingereza na Norway, inamuuzia Kenya Power, kampuni ya kusambaza umeme, kwa mkataba wa miaka 20. Mimi sina ugomvi nao, tena napenda zaidi mtu anayekuja kufanya biashara akasema nafanya biashara, kwa sababu huyo inverta yake ikiwaka nyekundu asubuhi, kabla ya adhuhuri kuna fundi amefika, si kwa huruma, ni kwa sababu anapoteza hela. Umeme wenyewe lakini unaingia kwenye gridi ya taifa, mtu wa Langobaya hana foleni yake ya mbele.

Na kabla hatujamaliza wafadhili tuitazame serikali yetu. Hii hii inayosimama kwenye kila mkutano wa tabianchi kuomba, 2020 iliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola, kelele zikapigwa, ikarudisha 2021. Mwaka huohuo wa 2021 Julai ikaweka VAT ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia, ikashuka nane 2022, ikaja kuondolewa 2023. Wakati ule gesi imepanda, nyumba ngapi hapa mtaani zilirudi kwa mkaa na kuni? Mama mmoja jirani yangu mtungi wake wa gesi aliugeuza kigoda jikoni, anaukalia anapopepea mkaa. Leo mfadhili anakuja na mradi wa majiko safi kumfundisha madhara ya moshi. Anayajua, macho yake yanamwambia kila siku. Alikuwa ametoka huko, kodi ikamrudisha.

Sasa punda. Lamu kuna hospitali ya punda, ya shirika la Kiingereza, Donkey Sanctuary, tangu 1987. Tuliokua hapa tulikuwa tunaicheka, binadamu anasubiri boti ya kwenda kutibiwa na punda ana daktari wake. Lakini nimekuja kuiangalia kwa jicho jingine. Wamekaa. Ni karibu miaka arobaini, hawajasema mradi umeisha, wanaofanya kazi pale ni watu wa hapa wenye majina tunayoyajua, punda akiumwa usiku unajua mlango wa kugonga. Na wao ndo wakawa katika watu wa kwanza kutuonyesha plastiki inavyotumaliza, maana punda wanaokula jaani wanakufa na matumbo yamejaa mifuko na kamba, na mifuko yenyewe ilishapigwa marufuku Agosti 2017. Hakuna aliyekaa Ulaya na kompyuta angeweza kuandika hilo kwenye maombi ya hela. Linaonekana na mtu aliyekaa.

Hata ile Flipflopi, lile jahazi la plastiki na ndara chakavu lililotengenezwa hapahapa chini ya fundi Ali Skanda na kuteremshwa majini 2018, alafu mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar, wazo lilikuwa na wageni ndani yake na hela zilikuwa na wageni ndani yake, lakini mikono ilikuwa ya mafundi wa jahazi wa Lamu, ufundi ambao tayari tulikuwa nao. Ndo maana halikuishia kwenye picha.

Kwa hiyo mwenye shirika lake akiniuliza anisaidie nini, jibu langu liko tayari na halina paneli hata moja. Chukua vijana wa Faza, Kizingitini, Mokowe, Hindi, uwalipie mafunzo mpaka wapate leseni ya ufundi wa sola ya EPRA, mamlaka ya nishati, si semina ya siku mbili na soda. Weka stoo ya spea Mokowe, fyuzi, kadi, betri, koki, na umpe mtu aiendeshe kama duka. Tenga hela ya wakili na ya mtaalamu wa kusoma ripoti za mazingira, kwa sababu baada ya bandari na LAPSSET, ule mpango wa barabara, reli na bomba la mafuta kutoka Lamu kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, miradi mikubwa itaendelea kuja na kila mmoja utakuja na kitabu kinene. Na ukiandika bajeti, tarehe ya mwisho usiiandike wewe peke yako.

Kamati ya Pate wameniomba niwaandikie barua ya kupeleka kaunti na kwa wafadhili wengine, wamesikia kuna watu wanazunguka wanataka kutoa mradi mpya wa kisima cha sola kijiji chao. Nimeshawaandikia. Mstari wa kwanza unasema paneli tunazo, tunaomba kadi ya inverta na kijana wetu mmoja apelekwe kusoma.